Laptopu inang'ang'ania Wi-Fi ya zamani

Wakuu, laptopu yangu ya Windows imehifadhi majina ya Wi-Fi 41, mengine ya nyumba niliyohama kitambo. Kila nikiiwasha inaparamia ile ya 2.4 GHz, inaiacha ya 5 GHz (ni masafa mawili ya mawimbi ya ruta yangu) wakati ruta iko hapa hapa mezani. Nifanyeje?

— Mkuu, fungua Command Prompt (dirisha la kuandika amri), andika netsh wlan show profiles, utaona orodha yote. Usiyoitaka: netsh wlan delete profile name="jina". Nywila nayo inafutika, inakili kwanza.

— Ila ya 2.4 usiifute! Toa tu tiki ya kujiunga yenyewe (Connect automatically). 5 GHz ina kasi, lakini kuta zinaimaliza. Ukiwa chumba cha mwisho utaihitaji hiyo ya 2.4.

— Nimefuta 37, tiki nimeitoa. Imewaka ikashika 5 GHz papo hapo. Asanteni mno!