Madai ya shule ya dansi: mzazi ayapimeje kabla ya kumwandikisha mtoto?

Mama wa Gangilonga, Iringa

Kamwene, ndugu wazazi. Naomba ushauri kuhusu jambo ambalo mimi na mume wangu bado hatujaafikiana. Binti yetu ana umri wa miaka minane, na tangu akiwa mdogo hawezi kusikia singeli ikipigwa kwa jirani bila kuacha alichokuwa anafanya. Hivi karibuni, tulipokwenda kuwachukua watoto shuleni, tuligawiwa vipeperushi vya shule mpya ya dansi hapa mjini, ambayo inafundisha baleti, dansi za kisasa na ngoma za asili siku za Jumamosi. Ada ni shilingi 60,000 kwa mwezi, kiingilio ni shilingi 50,000, na ada ya muhula wa miezi mitatu hulipwa kwa mkupuo kabla ya somo la kwanza.

Kinachonisumbua si bei peke yake, bali ahadi zilizoandikwa humo. Kipeperushi kinasema kwamba mwanafunzi atapata cheti kinachotambulika kimataifa, kwamba walimu wamesomea nje ya nchi, kwamba dansi huinua alama za hisabati, na kwamba ndani ya mwaka mmoja msichana ataweza kucheza baleti akiwa amesimama juu ya ncha za vidole vya miguu. Baba yake anasema yote hayo ni maneno ya biashara. Mimi naona huenda baadhi ni ya kweli, ila sijui nianzie wapi kuyachambua, kwa kuwa mimi ni mhasibu na sijawahi kukanyaga darasa la dansi. Mngeuliza nini, na mngemuuliza nani?

Mwalimu wa Sanaa, Kihesa

Dada, kamwene. Nilisomea sanaa za maonyesho Bagamoyo na sasa ninafundisha watoto, kwa hiyo nitajibu lile la vyeti na walimu, maana hapo ndipo wazazi wengi wanapochanganywa.

Cheti "kinachotambulika kimataifa" hakina maana mpaka utajiwe anayekitambua. Kwa upande wa baleti zipo taasisi ambazo mitihani yake hufanyika katika nchi nyingi, na mojawapo iliyo maarufu ni Royal Academy of Dance ya London, iliyoanzishwa mwaka 1920. Mtihani wa namna hiyo hausahihishwi na mwalimu aliyemfundisha mtoto: mtahini huteuliwa na taasisi yenyewe, mwalimu anayewaandikisha watahiniwa lazima awe amesajiliwa nayo, na mtoto hupimwa kwa madaraja, kuanzia yale ya awali hadi daraja la nane. Hata umri umewekewa mpaka, kwani mitihani ya kuanzia daraja la kwanza haifanywi na mtoto ambaye hajatimiza miaka saba. Kwa hiyo uliza mambo mawili tu: taasisi hiyo ni ipi, na ni mwalimu gani kati yenu amesajiliwa nayo. Ukitajiwa majina, yatafute kwenye tovuti ya taasisi hiyo au waandikie barua pepe. Ukijibiwa kwamba cheti hutiwa saini na mkurugenzi wa shule, basi hicho ni cheti cha mahudhurio. Si vibaya kukitoa, na mtoto atafurahi kukibandika ukutani, lakini nje ya geti lao hakuna anayekijua.

Kuhusu walimu "waliosomea nje", nakushauri usiridhike na neno nje, kwa sababu hata warsha ya wiki moja Nairobi ni nje. Uliza alisoma wapi, kwa muda gani, na alisoma kucheza au kufundisha, maana hayo ni mambo mawili tofauti na wachezaji hodari wasioweza kumwelekeza mtoto wa miaka minane nimewaona wengi. Wala msidharau waliosoma nyumbani. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, ambayo wengi bado tunaiita Chuo cha Sanaa, imekuwa ikifundisha tangu mwaka 1981, na mhitimu wake hawezi kuona taabu kukuonyesha cheti.

Jambo la mwisho ni usajili. Jina la biashara kuonekana BRELA, yaani kwa wakala wa serikali wa kusajili biashara, kunathibitisha kwamba jina hilo lina mwenyewe, basi. Hakusemi lolote kuhusu ufundishaji. Kwa shughuli za sanaa chombo kinachohusika ni Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, lililoundwa kwa Sheria Namba 23 ya mwaka 1984, na hapa karibu ofisi ya kuanzia ni ya Afisa Utamaduni wa halmashauri. Nenda ukamuulize kama anawafahamu. Hakuna malipo ya kuuliza.

Fiziotherapia Mbeya

Mama mwenzangu, mimi kazini nashughulika na magoti na vifundo vya miguu, na ile ahadi ya kumsimamisha mtoto juu ya ncha za vidole ndani ya mwaka mmoja ingenitosha kuirudisha karatasi yao. Mifupa ya mguu wa mtoto wa umri huo bado inakua, na ndani yake zipo sehemu laini za ukuaji ambazo hazijakomaa kuubeba uzito wote wa mwili juu ya eneo dogo kiasi hicho. Miongozo ya jumuiya ya kimataifa ya tiba na sayansi ya dansi, inayofahamika kwa kifupi kama IADMS, inasema mazoezi hayo yasianze kabla ya miaka 12, na kwamba mwanafunzi anayesoma mara mbili kwa wiki aanze katika mwaka wake wa nne wa mafunzo. Kwa anayesoma mara moja tu kwa wiki, miongozo hiyo haishauri aanze kabisa. Kipeperushi chenu kinasema ni Jumamosi tu, au sivyo? Isitoshe, umri pekee hautoshi. Mwalimu mwenye ujuzi hupima nguvu ya tumbo, nyonga na kifundo cha kila mtoto peke yake, na wapo wanaotimiza miaka 13 wakaambiwa wasubiri.

Ukienda kuwatembelea, itazame sakafu kabla hujawatazama watoto. Sakafu ya kuchezea baleti hujengwa kwa mbao zilizolazwa juu ya fito, zikaachiwa nafasi chini yake ili zinepe kidogo mtoto anapotua. Kumbi zetu nyingi ni zege lenye vigae. Ukiona wametandika plastiki juu ya vigae, elewa kwamba plastiki inazuia kuteleza, lakini haipunguzi mshindo unaopanda kwenye muundi na goti. Simaanishi kwamba ukumbi wa vigae ukimbiwe, maana tungebaki bila ukumbi hata mmoja mkoani. Namaanisha kwamba katika ukumbi wa namna hiyo kuruka kuwe kwa kiasi, na mwalimu awe anajua kwa nini. Mwulize, usikie atakavyokujibu.

Angalia pia wanavyoanza. Kwa baridi ya Juni na Julai huku kwetu Nyanda za Juu, mtoto anayeshuka kwenye bajaji akiwa anatetemeka hawezi kuambiwa apige msamba dakika ileile. Ni lazima atembee, akimbie taratibu na kuzungusha viungo mpaka apate joto. Na ukimwona mwalimu akimkandamiza mtoto mgongoni ili miguu ifunguke zaidi huku mtoto amekunja uso, mshike mwanao mkono muondoke. Mnyumbuko hauji kwa nguvu za mtu mwingine.

Baba wa Uyole

Mimi nipo upande wa shemeji. Hilo la hisabati nimewahi kulifuatilia, kwa sababu kila anayeuza masomo ya ziada, awe wa piano au wa sataranji, hulitumia. Mwaka 2013 Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, OECD, lilitoa mapitio ya tafiti kuhusu faida za elimu ya sanaa. Kwa dansi walikuta dalili za awali kwamba inasaidia uwezo wa kufikiria maumbo na nafasi, tena kutoka katika tafiti chache. Ushahidi kwamba inainua hisabati au kusoma haukutosha. Faida isiyohitaji kubahatisha ni mwili: Shirika la Afya Duniani linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku, na kucheza dansi ni mazoezi. Ila hata kuruka kamba uani ni mazoezi, na kamba haina kiingilio.

Kuhusu fedha, dada wewe ni mhasibu, sitakufundisha kazi yako. Lakini uliza gharama zisizo kwenye karatasi, yaani sare, viatu, mavazi ya onyesho la mwisho wa muhula na tiketi za wazazi kuingia kulitazama.

Mama wa Gangilonga, Iringa

Nawashukuru sana. Jumamosi nilikwenda bila kutoa taarifa, na niliruhusiwa kukaa kwenye benchi la nyuma mpaka mwisho, jambo ambalo nimelihesabia kwao kuwa jema.

Cheti ni cha shule yenyewe. Mkurugenzi alilikiri hilo bila kusita. Nilipouliza kuhusu ncha za vidole, alicheka akasema ni maneno ya kijana aliyewatengenezea kipeperushi, na kwamba mwalimu wa baleti huja mara mojamoja tu akitokea Dar es Salaam. Ukumbi ni wa vigae. Watoto walikuwa ishirini na kitu na mwalimu mmoja, wakubwa na wadogo pamoja, na katika kipindi cha dansi za kisasa kazi yao ilikuwa kumwigiza aliyesimama mbele huku muziki ukiwa juu kiasi kwamba maelekezo hayasikiki.

Lakini ilipofika zamu ya ngoma za asili mambo yalibadilika. Mwalimu alizima spika, akavuta ngoma, akaanza kuwafundisha lizombe ya Wangoni kwa vipande vifupi. Kulikuwa na mtoto wa kiume nyuma kabisa ambaye kila mara alitangulia kwa mguu usiotakiwa. Mwalimu alimpa mwanafunzi mkubwa fimbo za ngoma, akaenda kusimama kando ya yule mtoto akimhesabia kwa sauti ya chini, bila kumshika na bila wenzake kucheka, mpaka akaupata mguu. Kumbe mwalimu huyo alikulia Songea na amesoma Bagamoyo miaka miwili. Hilo kwenye kipeperushi halimo!

Sasa nimechanganyikiwa zaidi kuliko mwanzo.

Mama Watatu, Njombe

Dada, kabla ya uamuzi wowote, uliza kuhusu picha. Shule hizi hujitangaza kwa video za watoto mitandaoni, na mara nyingi mzazi huziona baada ya majirani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, na taarifa za mtoto zinahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi. Fomu ya kujiunga iwe na mahali pa kukubali au kukataa, na kukataa kusimwondoe mtoto darasani. Uliza pia watoto wanabadilishia nguo wapi, na nani anabaki nao mzazi akichelewa.

Mwalimu wa Sanaa, Kihesa

Dada, sioni la kukuchanganya. Waliyoyatangaza hawana, na walichonacho hawakukitangaza. Kumfuata mtoto anayekosea, kumrekebisha bila kumwaibisha na kuligawa somo katika vipande ndiyo kazi ya ualimu yenyewe, na haifanywi kwa bahati. Mwandikishe kwenye ngoma za asili peke yake, muache baleti mpaka wapate mwalimu wa kudumu. Masikio na miguu itakayozoea kufuata ngoma itamfaa katika dansi yoyote atakayoichagua baadaye. Idadi ya watoto ndiyo ingenisumbua zaidi. Omba wadogo watenganishwe na wakubwa, au angalau yule mwanafunzi anayeshika fimbo awe msaidizi rasmi.

Muhula mzima usilipe. Omba kulipa mwezi kwa mwezi, na iandikwe kwamba ada ni ya somo moja, si ya matatu.

Mama wa Gangilonga, Iringa

Nimempigia mkurugenzi simu leo. Amekubali mwezi kwa mwezi, na ngoma za asili pekee itakuwa shilingi 25,000. Kuhusu picha amesema fomu itarekebishwa, nami nimemwambia nitasaini ikisharekebishwa. Kwenye kiingilio amegoma: ni 50,000 ileile, na hairudishwi mtoto akiacha.

Baba wa Uyole

Basi akuandikie hiyo 50,000 inanunua nini. Kama sare na mavazi ya onyesho yamo, si mbaya. Kama ni ya fomu tu, mwambie utaanza kwa mwezi mmoja wa majaribio na kiingilio ulipe mwezi wa pili, kwa risiti. Mkurugenzi mwenye nafasi za kujaza hatakataa, na hata akikataa, yule mwalimu wa ngoma hamjampoteza. Mtakuwa mmemjua jina, na watu wa ngoma Iringa wanafahamiana.