Nina kisukari na tunatafuta mtoto: je, manjano na vitunguu vinalinda mbegu za kiume?

Dereva wa Uyole
Habari zenu ndugu. Nina miaka 37, naendesha Fuso, napakia viazi Uporoto na kushusha Dar. Kisukari kiligundulika 2020, natumia vidonge vya metformini na glibenklamaidi. Huu ni mwaka wa tatu tunatafuta mtoto. Mke wangu kapimwa, hana tatizo. Mimi karatasi yangu inasema: ujazo wa manii mililita 0.6, mbegu milioni 9 kwa mililita, zinazotembea asilimia 25. Aliyenikabidhi alisema tu ziko chini. Nikaenda sokoni kwa muuza dawa za asili, akanipa unga wa manjano, tangawizi na mlonge, shilingi 40,000, na akasema niache vidonge kwa kuwa ndivyo vinavyoua mbegu. Mke wangu hulia usiku akidhani nimelala. Nijibuni kama ndugu yenu.

Maabara, Iringa
Kamwene kaka. Vidonge usiache hata siku moja. Metformini yenyewe chimbuko lake ni mmea uitwao galega, na Jean Sterne ndiye aliyetangaza kuitumia kwa wagonjwa kule Ufaransa mwaka 1957. Kwa hiyo siyadharau majani.

Kinachoua mbegu ni sukari iliyokaa juu. Utando wa mbegu umejaa mafuta yanayoharibika upesi, na sukari ikizidi mwili huzalisha kemikali kali zinazoyaunguza na kukata vinasaba vilivyomo ndani. Kurkumini ya manjano, kwesetini ya vitunguu na likopini ya nyanya huzima ule moto, na panya waliopewa wameonyesha nafuu. Lakini wengi wa panya hao walichomwa streptozotosini, sumu inayoua seli za insulini, na ugonjwa wao si huu wako. Kuna majaribio ya kwesetini miligramu 50 kwa kila kilo ya panya. Ukiibadilisha kwa mtu wa kilo 70, kwa kanuni ya ukubwa wa mwili na si kwa kuzidisha kilo tu, inakuja kama miligramu 560. Gramu 100 za kitunguu zina miligramu 20 hadi 40. Utakula kilo mbili za vitunguu kila siku? Weka kwenye mboga ule kama chakula, basi.

Ila hiyo 0.6 ndiyo imenishtua. Kiwango cha chini cha ujazo ni mililita 1.4. Ulikinga yote kwenye chombo?

Mama Tukuyu
Mwanangu, mume wangu alikunywa maji ya mlonge tumbo tupu juu ya glibenklamaidi. Akaanguka wakati wa chai, jasho linamtoka, anatetemeka. Sukari ilikuwa imeshuka mno, 2.8. Tulimpa soda, akarudi. Wewe unapita Kitonga na tani za viazi mgongoni. Zile kona hazimsubiri mtu azinduke. Ukitaka kutumia majani, mwambie daktari kwanza.

Dereva wa Uyole
Ndaga fijo mama. Mlonge nimeuweka pembeni. Maabara, nilikinga yote. Hili sijamwambia mtu: mwaka mzima sasa nikifika kileleni hakitoki kitu cha maana, na mkojo wa baada ya hapo huwa na ukungu.

Maabara, Iringa
Asante kwa kusema, kaka. Sukari ya muda mrefu huumiza mishipa ya fahamu inayofunga mlango wa kibofu, manii yakarudi ndani badala ya kutoka. Hilo manjano hayalifikii. Omba mkojo wa baada ya kumwaga upimwe kwa hadubini, uonekane kama una mbegu. Zipo dawa za kuubana ule mlango, na mbegu zinaweza kukusanywa kwenye mkojo uliotayarishwa. Pima na wastani wa sukari ya miezi mitatu iliyopita. Mbegu moja huchukua siku kama 74 kukomaa, kwa hiyo sukari ikishuka leo, karatasi itaanza kubadilika baada ya miezi mitatu hivi.

Dereva wa Uyole
Safari ya Jumatatu nimempa mwenzangu. Tunakwenda kliniki wote wawili, karatasi ninayo. Usiku huu nimemsomea mke wangu majibu yenu yote, hata lile la mkojo.