Mgonjwa anaongea kama mlevi: mnaanza na nini?

Wakuu, niko mafunzoni kwenye gari la wagonjwa. Tumemkuta baba wa makamo kaketi chini, jasho linamchuruzika, maneno hayaeleweki. Kila mtu pale anasema kalewa. Nyie mnaanzia wapi?

Jibu: Njia ya hewa, upumuaji, mapigo, kisha choma kidole upime sukari. Usiruke hapo hata kama pombe inanuka, maana mlevi naye sukari humshuka. Jasho la baridi na mikono inayotetemeka, mimi nashuku sukari mpaka kipimo kinikatalie. Ikiwa chini ya 4 (milimoli kwa lita) na anameza vizuri, mpe glukosi ya kunywa, pima tena baada ya dakika 15. Hajitambui? Usimtie chochote mdomoni, tafadhali! Mlaze ubavu, hapo ni glukosi ya mshipani au sindano ya glukagoni (homoni inayopandisha sukari), kwa mwenye ruhusa.

Jibu: Sukari ya chini huiga hata kiharusi, upande mmoja ukalegea. Ikiwa sukari iko sawa, mwambie atabasamu, anyanyue mikono yote miwili. Halafu waulize ndugu: mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi? Siyo saa aliyokutwa. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya muda wa saa 4 na nusu tangu alipoonekana mzima.

Muuliza: Asanteni sana. Na akizinduka, akagoma kwenda hospitali?

Jibu: Msihi aende, hasa anayetumia vidonge vya kisukari. Vingine hukaa mwilini muda mrefu, sukari ikashuka tena akiwa peke yake.