Naomba ushauri: bondia chipukizi wa uzito wa juu apimwe kwa vigezo gani?

Wapenzi wenzangu wa masumbwi, naombeni ushauri kuhusu jambo linalonisumbua tangu Agosti 2025, pale Moses Itauma, kijana wa Uingereza aliyezaliwa Desemba 2004, alipommaliza bondia mkongwe Dillian Whyte katika raundi ya kwanza mjini Riyadh. Wengi walimtabiria ubingwa wa dunia usiku ule ule, nami nilitamani kukubaliana nao, kwa kuwa kasi ya mikono yake ni adimu kwa mtu mwenye mwili ule.

Kinachonifanya nisite ni kwamba Jared Anderson wa Marekani naye alisifiwa hivyo hivyo, akiwa hajapoteza pambano hata moja, mpaka Agosti 2024 Martin Bakole wa Kongo alipomwangusha katika raundi ya kwanza na kummaliza katika ya tano. Daniel Dubois, kinyume chake, alipiga goti mbele ya Joe Joyce mwaka 2020, jicho la kushoto likiwa limevimba hadi kufumba, na wapo waliosema kuwa amekata tamaa. Septemba 2024 akamsimamisha Anthony Joshua, bingwa wa zamani wa dunia, pale Wembley.

Binafsi naamini kwamba kidevu, yaani uwezo wa kuhimili ngumi, na pumzi vina uzito kuliko wingi wa KO, yaani ushindi wa kumwangusha mpinzani asiinuke. Lakini je, vitu hivyo tutavionaje kwa kijana ambaye wapinzani wake wengi huanguka mapema? Mnatazama miguu yake, ulinzi wake, au aina ya wapinzani anaopewa? Nitashukuru sana mkinieleza kwa mifano ya mapambano mliyoyatazama wenyewe.