Meno bandia ya kuvua: chuma au nailoni, kipi hakitalegeza meno yaliyobaki?

MtuWaChini: Habari wadau. Magego makubwa ya chini sina, kushoto na kulia. Daktari ananipa chaguo: fremu ya kobalti-kromi yenye kulabu za chuma, au ya nailoni tupu. Ametaja pia vishikizo vya kubonyeza vyenye kikombe cha nailoni ndani, ila hivyo vinataka jino livikwe krauni kwanza. Hofu yangu ni magego madogo yatakayobeba kulabu. Jamaa kaniambia chuma kinalitikisa jino mpaka linalegea, nichukue laini. Ni kweli?

Tulizo77: Nailoni mkuu, usijiulize mara mbili. Haibani na ukicheka haionekani.

FundiMaabara: Taratibu hapo juu. Ukakamavu wa kobalti-kromi ni gigapaskali 200 na ushei. Titani ni kama nusu yake, PEEK, aina ya plastiki ngumu, inacheza kwenye 3 au 4, na nailoni iko chini zaidi. Ndiyo maana ncha ya kulabu ya kobalti-kromi tunaizamisha milimita 0.25 tu kwenye kibonyeo kilicho chini ya tumbo la jino, lakini ya waya inaweza kufika 0.5. Ukiipeleka ya kobalti-kromi huko, kila ukivua unalivuta jino, na ipo siku kulabu yenyewe itakatika.

Ila usiangalie malighafi peke yake. Mkono wa kulabu ukiwa mnene mara mbili, ukakamavu unapanda mara nane. Ukirefuka mara mbili, unashuka mara nane. Kulabu ya plastiki ili ishike lazima iwe nene, na unene huo unakaa ukingoni mwa fizi ukikusanya uchafu. Hilo wauzaji wa "laini" hawalisemi.

Kioo_na_Koleo: Fundi kasema vizuri, ila hayo ni ya kuvaa na kuvua. Mzigo mkubwa uko kwenye kutafuna. Kesi yako ni daraja la kwanza la Kennedy, mfumo wa kupanga aina za mapengo: nyuma hakuna jino la kuegemea, pande zote mbili. Fizi inabonyea kuliko jino linavyosogea ndani ya mfupa, kwa hiyo meno bandia yanazama kwa nyuma na kulabu inageuka wenzo. Kishikizo kigumu kisicho na mchezo kitalipinda jino la mwisho. Chenye nailoni kinalipunguzia, lakini mzigo hauyeyuki, unahamia kwenye fizi na mfupa. Na nailoni tupu isiyo na viegemeo, yaani vidole vigumu vinavyokaa juu ya meno, inazama yote.

Ningekuwa mimi: fremu ngumu, kulabu laini. Kiegemeo kikae upande wa mbele wa jino, si wa nyuma. Kratochvil, mtaalamu wa meno bandia, alilieleza hilo mwaka 1963, na bado linafanya kazi.

MtuWaChini: Kwa hiyo fremu ya chuma inaweza kuwa na kulabu ya waya? Na vile vya kubonyeza niachane navyo?

FundiMaabara: Inawezekana, waya tunauchomelea kwenye fremu au tunaufukia kwenye akriliki. Vya kubonyeza si vibaya, ila vikombe vinachakaa na lazima vibadilishwe, la sivyo meno bandia yanaanza kuyumba.

Kioo_na_Koleo: Na mfupa ukishuka, rudi meno bandia yakajaziwe upande unaokaa kwenye fizi. Watu wanasahau hilo, halafu lawama zote anabebeshwa fundi na kulabu zake.

Tulizo77: Yangu haina hata kiegemeo kimoja. Jumatatu naenda kuonyesha.