Tupeane uzoefu: msimu wa 2007 wa Michigan ulikukuta wapi?

Wakuu, habari za weekend. Uzi huu ni wa waliokuwa Ann Arbor au popote Michigan mwaka 2007, timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Michigan ilipotupandisha na kutushusha presha hadi Januari. Naanza mimi.

Jumamosi, tarehe 1 Septemba. Tuko nafasi ya tano nchini, tunafungua nyumbani na Appalachian State, chuo cha milimani kule Boone, North Carolina, daraja la chini yetu. Mwenzangu wa chumbani alinipa tiketi ya mdogo wake, aliyeona mechi yenyewe haina maana. Watu zaidi ya 109,000. Mapumziko tuko nyuma 28–17. Mzee wa mbele yangu alikuwa na kiredio sikioni, kila wakifunga anakichomoa kama kinamuunguza.

Robo ya nne mkimbiaji wetu Mike Hart akachomoka yadi 54, tukaongoza 32–31. Nikakumbatiwa na watu nisiowajua. Lakini zile pointi mbili za nyongeza baada ya kufunga tulizijaribu mara mbili na kukosa zote, ndizo zilizotuua. Zikibaki sekunde 26 wakapiga teke la pointi tatu: 34–32. Henne, kwotabeki wetu (mrusha pasi mkuu), akarusha pasi ndefu kwa mpokeaji Manningham, zikabaki sekunde sita. Teke letu la yadi 37, ambalo lingetupa ushindi, likazuiwa. Uwanja mzima kimya, kelele zinatoka kona moja tu, ya wageni.

Haya, nani anafuata?

Msusi wa Detroit:
Mkuu umenitonesha. Mimi sikuiona. Mechi ilionyeshwa na chaneli ya Big Ten, ligi ya vyuo tunayocheza, iliyokuwa na siku mbili tu hewani, na kampuni ya kebo ya mtaani kwetu haikuwa nayo. Nilikuwa namsuka dada mmoja, kaka yake yuko uwanjani anampigia simu kila wakifunga. Nimefika kisogoni, akarusha kichwa, nywele zikanitoka vidoleni. Akatoka na kichwa nusu kwenda kukaa kwenye gari. Alirudi baada ya dakika arobaini, hasemi kitu, akakaa, nikaendelea kusuka.

Mzee wa East Lansing:
Nyie mnalia, na sisi wa Michigan State, chuo jirani na wapinzani wenu, tuseme nini? Novemba tuliwaongoza 24–14 robo ya nne, nyumbani kwetu, mkashinda 28–24. Hart akatuita mdogo wake mbele ya waandishi! Nina mwenzangu kazini, Mkongo wa Lubumbashi, tangu siku ile ananiita "mudogo yangu". Mwaka uliofuata tuliwachapa 35–21 kwenu, tukawachapa miaka minne mfululizo. Jina halijafutika.

Mwenye uzi:
Mzee pole, nimecheka peke yangu kwenye basi.

Nimalizie. Wiki iliyofuata Oregon walitukung'uta 39–7, tena palepale nyumbani, na Henne akaumia. Nikaapa sirudi. Ndipo wakashinda nane mfululizo, wakianza na Notre Dame 38–0, kwotabeki akiwa kijana wa mwaka wa kwanza! Nikarudi kama mbwa aliyefukuzwa jikoni. Kisha tukafungwa na Wisconsin, kisha na Ohio State 14–3, na kocha Lloyd Carr akatangaza anastaafu.

Mechi yake ya mwisho, 1 Januari 2008, Orlando, dhidi ya Chuo Kikuu cha Florida cha Tim Tebow, aliyekuwa ametoka kutwaa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo. Sikutegemea kitu. Hart aliangusha mpira mara mbili karibu na mstari wa kufungia, yeye asiyeangusha kamwe, na bado tukashinda 41–35. Wachezaji wakambeba mzee Carr mabegani.

Kipande cha ile tiketi ya Septemba kimo ndani ya pasipoti yangu ya zamani. Yule mdogo mtu aliyeikataa juzi kaniomba nimuuzie. Nimemwambia labda angekuja na ya Orlando tubadilishane.