ISHIRINI YANGU IMEFUTWA NA RABA, NA ALIYEIFUTA MNAMJUA

Jitu_la_Nyalenda (saa 5:40 usiku)

Simtaji huyo msimamizi wa meza yetu ya Dungeons & Dragons, mchezo wa kujifanya mashujaa ambapo dadu ndiyo huamua. Yeyote aliyewahi kurusha dadu hapa Kisumu anamjua: begi la kijani, kalamu tatu mfukoni, na ile fotokopi ya kitabu cha sheria cha kurasa 320 ameishona na kamba ya kiatu. Nimetoka kwake Milimani sasa hivi. Lifti nimekataa. Naandika nikiwa ndani ya tuktuk, herufi zikipinda mnisamehe, si barabara, ni hasira.

Nimerusha ISHIRINI. Dadu ya pande ishirini, namba ambayo haina kaka mkubwa. Ikazunguka mezani, ikagonga chupa ya soda, ikalala. Ishirini! Watu wakapiga mayowe. Masaa matatu tulikuwa tunafukuza kagoblini kamoja, kazimwi kafupi kama stuli ya kukamulia ng'ombe, kametuibia funguo za ngome. Mimi, jitu la shoka, nguvu 18, nikasema nakashika. Kukashika tu! Sikusema nakapeleka kortini.

Yeye akasema, "Subiri kidogo." Akalamba kidole. Akafungua fotokopi.

Chai ikashika utando tukimtazama. Mtoto wa jirani aliingia akiwa darasa la nne, akatoka ana ndevu. Ndipo akainua kichwa na hukumu yake: kwa sheria za 2003, ukitaka kumshika mtu na hujasomea kushika, anakupiga kwanza. Akikuumiza, kushika kumekufa. Asipokuumiza, unarusha kuona kama umemgusa. Ukimgusa, mnarusha wote wawili kuona nani zaidi. Ukimshinda, unahamia pale aliposimama. Hatua nne za kumshika mtu ambaye nikimkalia anapotea! Na kwa vile yeye ndiye alisahau kanipige kabla sijarusha, TURUDI NYUMA.

Kagoblini kakarusha. Kakanipata. Kakaniumiza pointi moja. Moja, na mimi nina 31 za uhai! Mbu wa Dunga wananitoa zaidi ya hiyo nikisubiri samaki akaangwe.

Ishirini ikafutwa. Nilikuwa nimeshaiandika kwa karatasi yangu na kuizungushia duara. Akaivuta karatasi, akafuta na raba polepole kama mwalimu wa zamu, akapuliza, na yale makombo ya raba yakatua kwenye chai yangu. Juu ya utando. Yalikaa pale juu, hayakuzama.

Nikamwambia toleo la 2014 linasema kila mmoja anarusha mara moja, mwenye nyingi ameshinda, tuendelee na maisha. Akasema hilo ni la watoto. Akalamba kidole tena! Huu mchezo wa Dungeons & Dragons upo tangu 1974, na sidhani kuna mtu miaka hiyo yote amelambiwa kidole kama mimi.

Kijiko_cha_Kondele

Huyo namjua. Mimi nilitaka kuvuka mto, akaanza kunijumlishia uzito wa sufuria, kamba na mishale, mmoja mmoja. Nilizama na sufuria.

MamaWatatu

Mimi nilikuwa kwa hiyo meza. Jitu, sema yote. Dadu iligonga chupa, ikaanguka, ikaingia chini ya kochi. Wewe ndiye uliingiza mkono ukatoka ukisema ishirini. Hakuna mwingine aliyeiona.

Jitu_la_Nyalenda

Na yale mayowe?

MamaWatatu

Mayowe yalikuwa ya mende. Alitoka chini ya kochi pamoja na mkono wako.

Kijiko_cha_Kondele

😂😂😂 Ishirini ya mende.

Jitu_la_Nyalenda

Hata kama ilikuwa chini ya kochi, ISHIRINI NI ISHIRINI. Angeniambia nirushe tena, ningerusha. Yeye alifuta. Na raba. Makombo kwa chai. Hilo mbona mnaliruka?

Drafti_Kibuye

Watu wazima, saa sita kasoro usiku, mnagombania kukumbatia goblini. Njooni Kibuye tucheze drafti, vifuniko vya soda na ubao tu. Sheria ni moja: kula ni lazima.

Omena_Kavu

Wewe nyamaza. Jana kingi wako alikula tatu akikata kona ambayo haiko kwa ubao. Nikauliza, ukaniambia "hapa ndivyo tunavyokula." Halafu mimi nikikosa kuona pa kula, kifuniko changu kinatolewa kwa kosa la kutokula. Kula ni lazima kwangu, kwako ni hiari.

Drafti_Kibuye

Ulifungwa mara sita. Mtu amefungwa sita ndiye analeta mambo ya kona.

Shemeji_wa_Kakamega

Afadhali nyinyi nyote, Jitu hata ana kitabu cha kumlaumu. Shemeji yangu anatunga sheria za karata akiwa ameshika karata. Jumapili nimebaki na moja, nimesema "niko kadi" mpaka ng'ombe wakageuka. Naweka nane yangu nimalize. Ati nane ni swali, lazima ijibiwe na karata nyingine, haimalizi. Nikaambiwa nijijibu! Na wiki iliyopita yeye alimaliza na malkia tukampigia makofi, malkia si swali pia?

Bondeni_Nakuru

Nane haimalizi. Malkia hamalizi. Shemeji yako ni mwizi lakini kwa hilo la nane yuko sawa.

Omena_Kavu

Nakuru ndio hamjui karata kabisa. Huku ukitupa swali na jibu pamoja, ukaisha, umeisha.

Bondeni_Nakuru

Yeye alikuwa na moja, hilo jibu angelitoa wapi, mfukoni?

Shemeji_wa_Kakamega

Hebu ngoja. Basi malkia wake wa wiki iliyopita hahesabiwi, na ile soda nilinunua arudishe.

MamaWatatu

Arudishe. Ilikuwa soda ya ngapi?

Jitu_la_Nyalenda

Jameni, huu uzi ni wa ishirini yangu.

Drafti_Kibuye

Shemeji, hiyo nane ilikuwa ya maua ama ya kopa?

Shemeji_wa_Kakamega

Maua.

Bondeni_Nakuru

Na chini kulikuwa na nini?